Anki kwa mtu wa kiherehere: miezi minane ya kadi kabla ya DAT

"Unadaiwa na nani wewe?"

Shangazi ndiye aliyeuliza, Machi 2024, saa nne usiku, amesimama nyuma ya kiti changu na kikombe cha chai ya tangawizi. Kwenye skrini kulikuwa na nambari ya kijani: 1143. Nikamwambia hilo si deni, ni kadi za masomo zinazonisubiri. Akaitazama tena ile nambari, kisha akanitazama mimi. "Kama si deni, mbona umekaa kama mtu aliyekopa kausha damu?"

Nimesoma maoni mengi kuhusu Anki, programu ya kadi za masomo, ya kusifia na ya kuponda, na hakuna lililoigusa kama hilo la mtu ambaye wakati ule hajawahi hata kuifungua.

Niliitumia kuanzia Januari hadi Agosti 2024 nikijiandaa na mtihani wa DAT, na wengi wenu mmenitumia ujumbe mkiuliza kama inafaa. Inafaa. Lakini nawaandikia hasa wenzangu wenye kiherehere. Sisemi kile cha kujipendekeza kwa wakubwa, nasema kile cha moyo: mapigo kwenda mbio na hujafukuzwa, viganja kulowa, tumbo kuanza kunguruma karatasi ya mtihani ikiwa bado imo kwenye bahasha. Mimi ninacho tangu shule ya msingi Tanga. Siku ya mtihani nilikuwa nakwenda chooni mara nne kabla ya kengele, na mwalimu alishanizoea. Nilipohamia kwa Shangazi hapa Lexington, Kentucky, nikiwa kidato cha pili, nilidhani nimekiacha uwanja wa ndege wa Dar. Kumbe kilikuwa kwenye begi.

Kwa wasioujua, DAT ni mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya udaktari wa meno huku Marekani, unaoendeshwa na chama chao cha madaktari wa meno, ADA. Nyumbani hatuna kitu cha namna hii. Anayetaka udaktari wa meno Muhimbili anapimwa kwa matokeo ya kidato cha sita, Fizikia, Kemia na Biolojia, basi. Huku unalipa zaidi ya dola 500, unakaa mbele ya kompyuta, unaanza na maswali 100 ya sayansi kwa dakika 90: 40 ya biolojia, 30 ya kemia ya jumla, 30 ya kemia ogani. Kisha maswali 90 ya maumbo kwa dakika 60, ambayo nitayarudia kwa sababu yana kisa chake. Unapumzika nusu saa ukitaka, halafu ufahamu, maswali 50 kwa dakika 60, na hesabu 40 kwa dakika 45. Ukitoka nje, mchana umeshakwisha.

Sababu ya kujiingiza humo ni kazi yangu ya Jumamosi. Lexington imejaa Wakongomani, na mimi nilikuwa natafsiri kwenye kliniki moja ya meno. Kiswahili chao na changu si kimoja. Mimi nasema jino linaniuma, wao wanasema jino inaniuma, na jino lenyewe halijali ngeli. Mama mmoja kutoka Uvira, shavu limevimba kama ameficha embe, baada ya kung'olewa gego aliniuliza, "Sasa weye, utakuwa munganga wa meno siku gani?" Nikacheka. Usiku sikulala.

Sasa Anki yenyewe. Ni programu ya kadi: upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Jina ni la Kijapani, maana yake kukariri. Ilitoka 2006, aliyeianzisha ni Damien Elmes, na kwenye kompyuta ni ya bure kabisa, hakuna matangazo, hakuna mwezi wa majaribio unaogeuka makato kwenye kadi ya benki. Kwenye Android pia kuna toleo la bure, AnkiDroid. Wenye iPhone mnalipa karibu dola 25, mara moja tu, na huko ndiko programu inakopatia chochote. Kama huna, tumia ya kwenye tovuti, inafanya kazi bila manung'uniko.

Kinachoifanya iwe tofauti na vikaratasi vya kukata kwa mkasi ni kalenda yake. Ukiijua kadi leo, inakuja baada ya siku kadhaa, halafu baada ya wiki, halafu mwezi. Ukiikosa, inarudi nyuma. Unajihukumu mwenyewe kwa kubofya: tena, ngumu, sawa, rahisi. Wazo ni la zamani. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alichapisha mwaka 1885 jinsi alivyojipima mwenyewe anavyosahau, na alichoona ndicho kila mwanafunzi anachokijua: unasahau haraka mwanzoni, na kila ukirudia kwa wakati wake, kusahau kunapungua mwendo.

Na kweli inafanya kazi. Biolojia ya DAT ni pana kupita kiasi, leo seli, kesho figo ya ndege, keshokutwa tabaka za kiinitete. Kitu kama hicho kinataka kumung'unywa kidogo kidogo. Kadi zilizonikaa zaidi ni zile nilizoziandika mwenyewe, tena kwa Kiswahili. Hatua za seli kugawanyika, profezi, metafezi, anafezi, telofezi, nilizifanya Pilau, Mchuzi, Achari, Tende. Mpaka leo nikiona picha ya kromosomu zimejipanga katikati ya seli nasikia harufu ya mchuzi. Picha nazo ni rahisi: unaweka mchoro wa taya, unafunika majina, unaulizwa moja moja. Sehemu hiyo sina la kulalamika, ingawa mwonekano wa programu nzima ni kama fomu ya halmashauri.

Tatizo lilikuwa mimi na mipangilio yake.

Anki ukiiacha kama ilivyo inakupa kadi mpya 20 kwa siku na marudio yasiyozidi 200. Watu wanaona ni ukomo mdogo. Mimi nilipakua fungu lililotengenezwa na watu wengine, lenye kadi zaidi ya 2,000, nikapandisha mpya ziwe 60, na ule ukomo wa 200 nikaufuta kwa sababu mtu mmoja mtandaoni aliandika kwamba ukomo ni kujidanganya. Hesabu ambayo sikuifanya ni hii: kila kadi mpya unayoiongeza kwa siku huzaa marudio karibu kumi ya kila siku baada ya wiki chache. Sitini mara kumi. Nikawa naamka saa kumi alfajiri kulipa, nikiongeza kwenye basi, nikimalizia chooni kazini. Siku mbili nikiugua mafua, ndipo ikafika 1143.

Halafu kuna jambo lililo baya zaidi, na sijaona mtu akilisema. Toleo la mwishoni mwa 2023 lilileta kanuni mpya ya kupanga tarehe, wanaiita FSRS. Ukiiwasha, inakuuliza: unataka kukumbuka asilimia ngapi ya kadi zinapokuja? Yenyewe imeandika 90. Nikaona 90 ni uzembe, kwa nini niache kumi zipotee? Nikaandika 97. Sikujua kwamba asilimia hizo chache za juu zinauzwa ghali mno: ili usikose kabisa, inabidi ikurudishie kadi ile ile kabla hujaanza hata kuisahau, tena na tena. Nilijiongezea kazi maradufu kwa kubadilisha tarakimu mbili, saa sita usiku, nikiwa na hofu.

Mtihani wangu ulikuwa Ijumaa moja ya Mei. Nilifika maegesho ya kituo cha mtihani nusu saa kabla. Niliwasha simu nipitie kadi kumi za mwisho. Ya kwanza niliikosa. Ya pili nikaikosa. Ya tatu ilikuwa Pilau, Mchuzi, na sikukumbuka kinachofuata mchuzi. Mikono ikafa ganzi, kifua kikabana, nikadhani ndiyo moyo unasimama, nikafungua mlango wa gari nipate hewa nikakaa na miguu nje. Watu walipita na vitambulisho vyao mkononi wakaingia. Mimi sikuingia. Saa nne na robo niliwasha gari nikarudi nyumbani, na ada ile ikaenda na maji, kwa sababu asiyetokea harudishiwi.

Shangazi hakusema kitu. Alinipikia uji.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mshauri nasaha wa chuoni, huduma ambayo nilikuwa nimeshailipia ndani ya ada kwa miaka mitatu bila kuigusa. (Wanafunzi mliopo huku, angalieni hati ya ada zenu.) Nilimwonyesha simu, nikitaka aone jinsi ninavyosoma kwa bidii. Akaniuliza hiyo 97 ni nini. Nikamweleza. Akakaa kidogo, akaniuliza kama nimewahi kukutana na daktari wa meno anayekumbuka asilimia 97 ya kila kitu alichosoma. Nikamfikiria yule daktari wa Jumamosi, ambaye jina la dawa ya ganzi hunitajia vizuri na jina langu hukosea kila wiki.

Pale pale ofisini kwake nikarudisha 90. Mnaokijua kiherehere mtanielewa nikisema kidole kilitetemeka. Kuandika 90 ni kutia sahihi kwamba kila zikija kadi kumi moja utaikosa, na ni sawa, mpango mzima umejengwa juu ya hiyo moja. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia hivyo. Programu ilikuwa imeniambia tangu siku ya kwanza, kwenye ukurasa wa mipangilio, nami nikaifuta.

Mengine tuliyobadilisha, kwa anayetaka kunakili. Kadi mpya 12 kwa siku, marudio mwisho 120, yakibaki yatabaki. Lile fungu la watu nililifuta lote, nikabaki na kadi zangu kama 700. Katika mapendeleo kuna mahali pa kuzima idadi ya kadi zilizobaki isionekane wakati unasoma, nilizima. Kuna pia ule muda unaoandikwa juu ya vitufe, siku nne, siku kumi na moja. Nilizima, maana nilikuwa nachagua jibu kwa kutamani siku nyingi, si kwa ukweli. Vitufe nikabaki na viwili, tena na sawa. "Ngumu" ni kitufe cha watu wa wasiwasi, kinakupa nafasi ya kujisuta hata ulipopatia. Na kadi ukiikosa mara nane baada ya kuwa umeshaijua, Anki inaibandika jina la ruba, yule mdudu mnyonya damu. Zamani ruba nilikuwa nawapigania kufa na kupona. Sasa nikawa nawafuta au nawaandika upya kwa maneno mengine. Mara nyingi kadi ndiyo iliyokuwa mbovu, imebeba mambo matano kwa pamoja.

Pumzi nazo: kuvuta kwa hesabu ya nne, kutoa kwa hesabu ya sita, dakika tatu kabla ya kufungua kadi. Nilidharau. Inasaidia, hasa ukiifanya kila siku hata usipokuwa na hofu, kama mtu anayezoea njia mchana ili aijue usiku. Kahawa nilipunguza kutoka vikombe vinne hadi kimoja, jambo lililoniuma kuliko kuacha zile kadi zaidi ya 2,000. Na mshauri alinipa zoezi moja lililonishangaza: kabla ya mtihani wa majaribio, andika kwa dakika kumi kila unachokiogopa kuhusu mtihani huo, kisha karatasi tupa. Kuandika huko kumo kwenye utafiti wa Ramirez na Beilock uliotoka katika jarida la Science mwaka 2011. Karatasi yangu ya kwanza ilijaa kurasa tatu, na nyingi hazikuhusu meno. Zilihusu Baba.

Sasa yale maumbo. Sehemu hii wanaiita PAT, maswali 90, aina sita za maswali 15 kila moja: kitu kinapita tundu gani, mwonekano wa juu na wa mbele, kupanga pembe kwa ukubwa, karatasi iliyokunjwa na kutobolewa, kuhesabu michemraba iliyopakwa rangi, na karatasi bapa itakunjika kuwa umbo gani. Hapa Anki haina msaada, na usijidanganye kuweka kadi. Jibu ukilikariri hujajifunza kitu, umekumbuka herufi C. Nilijiunga pia na kozi moja ya kulipia ya mtandaoni, jina nalihifadhi, na kwa PAT ilinipa maswali mengi tu. Ila kila siku saa moja usiku walikuwa wananitumia barua pepe yenye siku zilizobaki na asilimia ya wanafunzi walionipita. Kwa mtu kama mimi hiyo si huduma, ni mdudu sikioni. Nilifunga barua pepe, nikatumia maswali.

Kukunja karatasi kulinishinda mpaka nilipompigia Bibi, kule Ngamiani, Tanga. Bibi aliuza karanga mlangoni miaka yote ya utoto wangu, na vikaratasi vile vya pembe tulivikunja sisi, wajukuu, kwa magazeti na madaftari ya mwaka uliopita. Nilimwambia kuna mtihani wa kukunja karatasi. Aliuliza mara mbili kama ni udaktari kweli. Kisha akasema, "Wewe ulikuwa unatazama karatasi. Mwenzio alikuwa anatazama mkono." Mwenzio ni dada yangu, aliyekuwa ananishinda. Basi nikakaa na rundo la matangazo ya supamaketi, nikakunja na kutoboa kwa penseli, nikikunjua nikiwa nimefumba macho, nikifuata mkono. Wiki tatu. PAT ndiyo iliyokuja kuwa alama yangu ya juu karibu kuliko zote, na kadi haikuchangia hata nukta.

Siku ya mtihani, Agosti, nitaipita haraka. Niliandika zile dakika kumi ndani ya gari, nikatupa karatasi kwenye pipa la maegesho yale yale. Simu niliiacha nyumbani kwa makusudi, hakuna kadi za mwisho. Ndani unageuza mifuko, unapitishiwa kifaa cha kukagua chuma, vitu vyako vinafungiwa kabatini, unapewa mbao mbili nyembamba za plastiki na kalamu za kuandikia. Katikati ya kemia ogani moyo ulianza mbio. Nikahesabu nne, nikahesabu sita, nikapoteza labda dakika mbili, nikaendelea. Kwa kipimo kilichokuwa kikitumika wakati ule, cha 1 hadi 30, nilipata biolojia 22, kemia zote mbili 20, ufahamu 19, hesabu 18, maumbo 21. Mkisoma sasa mkaona watu wanataja 400 na kitu msishangae, tangu Machi 2025 kipimo ni cha 200 hadi 600. Habari za vyuo nitaandika siku nyingine.

Nani asiitumie? Kama mtihani wako uko wiki tatu mbele, achana nayo, kalenda yake haitakuwa na nafasi ya kufanya kazi; fanya maswali. Kama kemia huielewi, kadi hazitakufundisha, zitakukaririsha usichokielewa. Na kama daktari ameshakuandikia kwamba wasiwasi wako ni ugonjwa, kabla ya kupanga tarehe ya mtihani omba ADA wakupangie utaratibu wa kukufaa. Kuna njia rasmi ya kuomba, mimi niliijua nikiwa nimeshachelewa.

Nyota nne. Ya tano inabaki kwa sababu mipangilio yake imeandikwa kwa mtu mtulivu, na mtu mtulivu sidhani kama ndiye anayeipakua.

Sikuifuta baada ya Agosti. Shangazi anajiandaa na usaili wa uraia; kwa walioomba kabla ya tarehe 20 Oktoba 2025 ni maswali 100 ya historia na serikali ya Marekani, wanakuuliza kumi, ukipatia sita umepita. Nilimtengenezea fungu lake, swali kwa Kiingereza, ufafanuzi kwa Kiswahili, kadi tano mpya kwa siku, na nambari nikamwachia wazi kwa kuwa yeye mwenyewe aliikatalia isizimwe. Kila usiku baada ya isha anavaa miwani, anavuta kiti, ananiita kutoka jikoni:

"Njoo uniwashie. Leo nadaiwa ngapi?"